Pembe za Paini

Pembe za Mtemi zilikatwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya watu ambao katika maisha yao hawakuwahi kuchunga hata kuku.

Mtemi alikuwa fahali mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Nundu yake ilijaa kama gunia la mpunga lililoshonwa mdomo, na pembe zake zilianza kwa kwenda pembeni kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, kisha zikapanda juu ghafla kama vile mtu huyo amebadili mawazo. Miaka tisa alikuwa nazo. Kuzikata kulichukua dakika ishirini. Waya ulipita huku na huku ukitoa moshi wenye harufu ya nywele zinazoungua, damu ikaruka ikapiga ukuta, na mganga wa mifugo aliyekodiwa kutoka mjini akasema, "Mshike vizuri, Ngosha, mshike," akimwita Nyanda kwa jina wanaloitwa wanaume wote wa Kisukuma, kana kwamba alikuwa anashika kitu kingine.

Maana aliyeshika kamba ni Nyanda mwenyewe. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote. Fahali yule alipewa na marehemu baba yake akiwa ndama, akamlea kwa mkono wake, na siku hiyo alilala chini kwa sababu ni Nyanda aliyemwambia alale.

Vilibaki visiki viwili vya urefu wa vidole vinne. Pembe zenyewe zilichukuliwa na Liberatus, mtendaji wa kijiji, akaenda kuzigongomelea juu ya mlango wa ofisi yake.

"Wageni wakija," alisema, "waone kijiji chenye utaratibu."

Kijiji chenyewe kinaitwa Ilungile. Kiko pale ambapo majaruba ya mpunga ya Usangu yanakwisha na malisho yanaanza, na kina birika moja la saruji la kunyweshea mifugo. Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, hakuna maji mengine ambayo ng'ombe anaweza kuyafikia na kurudi akiwa bado ng'ombe. Wenyeji wanalitumia. Wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, kama akina Nyanda, wanalitumia pia, na kila mwaka wanakumbushwa kwamba wanalitumia.

Mwezi wa sita madume wawili wachanga wa mfugaji mmoja walipigana pale, wakabomoa ukuta wa birika na kung'oa bomba. Siku tatu kijiji kizima hakikupata maji. Ndipo Liberatus akaitisha mkutano. Alifika kwa pikipiki yake, ile aliyoitoa kizuia mlio makusudi ili isikike tangu kijiji cha jirani, akaizungusha mara mbili mbele ya watu bila sababu, akaizima, akavua miwani.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alianza. "Hayo si maneno yangu, ni ya wahenga. Sasa ndugu zetu hawa wanatuletea mafahali kumi na wawili kwenye birika moja! Mnategemea nini? Pembe zikatwe. Asiyekata, asinyweshe."

Nyanda alisimama. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na nane, mrefu, mwenye ulimi usiojua kusubiri.

"Mtendaji, zizini kwangu wapo mafahali watano. Mwaka wa nne huu wanakaa zizi moja na hakuna hata mmoja mwenye kovu."

"Unabishana na wahenga?"

"Wahenga hao walikuwa na ng'ombe wangapi?"

Watu walicheka, na Nyanda akadhani wanacheka upande wake. Akaendelea. Akawaeleza kwamba siku ile birika lilipobomolewa, Mtemi hakuwepo, alikuwa joshoni akiogeshwa. Angekuwepo, wale wachanga wasingepigana. Mtemi akifika mahali hapigani na mtu. Anageuka tu, anasimama ubavu, anakunja shingo, nundu inapanda, jicho linatoka, anakwaruza udongo kwa kwato mpaka vumbi linamwangukia mgongoni. Kisha ananguruma kwa chini, mngurumo ambao mtu anausikia miguuni kabla ya masikioni. Dume mwenzake anamtazama. Anamsoma pembe, anamsoma shingo, anasoma sauti. Akishasoma, anageuza kichwa na kwenda kula majani, na mambo yamekwisha bila tone la damu.

"Baba yangu alisema dume haonyeshi pembe ili apigane," alisema Nyanda. "Anazionyesha ili asipigane. Mkizikata, mtakuwa mmefuta maandishi, na wasomaji wataanza kuulizana kwa vichwa."

"Kumbe ng'ombe wa Wasukuma wanasoma!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Watoto wetu wa darasa la nne bado!"

Mkutano ukaangua kicheko, na safari hii hata Nyanda alielewa wanamcheka nani. Kura ikapigwa kwa mikono. Bibi Tekla, mama wa Kihehe aliyetokea Tosamaganga akaolewa huku miaka arobaini iliyopita, mkulima wa mpunga na mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa wa mwisho kuuinua mkono wake.

Orodha ya madume ikasomwa. Walikuwemo madume wote wa wahamiaji. Bingwa, dume wa kijivu wa Liberatus mwenyewe, wa mbegu ya Borani, mwenye pembe fupi nene kama ngumi, hakuwemo.

"Na Bingwa?" Nyanda aliuliza.

"Bingwa ni ng'ombe wa kisasa," alijibu Liberatus. "Yule ana tabia."

Nyanda alirudi nyumbani akiwa ameamua kutokata. Dada yake mkubwa, Nyamizi, ambaye baada ya baba yao kufa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale bomani, alimsikiliza akifoka mpaka alipomaliza pumzi.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Maliza basi, halafu uniambie ng'ombe tisini wanakunywa kwa pembe au kwa mdomo."

Ndiyo maana Jumanne ile aliyeshika kamba alikuwa Nyanda.

*

Hazikupita wiki tatu. Vidonda vya Mtemi vilikuwa vimeanza kukauka, akarudishwa kundini, na siku ya kwanza tu akafanya kama alivyozoea. Aligeuka ubavu mbele ya wale madume wanne wadogo, akakunja shingo, akakwaruza udongo. Wale wakamtazama. Nyanda, aliyekuwa ameegemea mti wa zizi, aliwaona kwa macho yake wakitafuta kitu juu ya kichwa cha mkubwa wao, wasikione, wakatazama tena. Nao wenyewe walikuwa vipara. Hakuna aliyejua yeye ni nani wala mwenzake ni nani. Mmoja akasogea hatua moja ambayo kwa miaka minne hakuthubutu kuisogea. Kisha akainamisha kichwa na kugonga.

Tangu siku hiyo hapakuwa na amani. Waligongana asubuhi wakitoka, waligongana birikani, waligongana jioni wakirudi. Mtemi hakushindwa, maana uzito alikuwa nao, lakini alichoka. Fahali ambaye zamani alimaliza ugomvi kwa kusimama, sasa alilazimika kuumaliza kwa mbavu, na mbavu zikaanza kuhesabika. Madume wa wafugaji wengine walikuwa vilevile. Ukuta wa birika ulipasuka tena mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Majike nao wana macho. Mtamba mmoja mwekundu, aliyekuwa amefikia kutaka dume, alitoka kundini mwa Mtemi peupe, akapita katikati ya ng'ombe wa watu, akaenda kusimama bega kwa bega na Bingwa. Mtemi alimfuata, akanusa, akabenua mdomo wa juu kama afanyavyo dume, akageuka ubavu. Mtamba hakumtazama mara mbili. Bingwa akaja mbio na zile pembe zake za kisasa, na dume mdogo wa Nyanda aliyekuwa njiani akapoteza jicho la kushoto.

"Ana tabia!" Nyanda alimpigia kelele Liberatus siku hiyo. "Tabia yake hiyo hapo, inavuja!"

Jibu lilikuja kwa barua yenye muhuri. Ilisema kwamba fahali mweusi wa familia ya Nyanda amekuwa chanzo cha vurugu birikani. Achinjwe au ahamishwe nje ya kijiji ndani ya siku kumi na nne, la sivyo kundi lote halitanyweshwa tena.

Nyamizi aliisoma mara mbili. Safari hii yeye ndiye aliyefoka.

"Wamemvua nguo mtu, sasa wanamshtaki kwa kuwa uchi!"

Nyanda alikuwa anatazama uzio wa zizi, ambapo nguzo moja ya mti ilikuwa imepinda kwa ncha, ikapanda juu.

*

Gerson, fundi seremala wa Mafinga, alikuwa na karakana nyuma ya viwanda vya mbao, mahali ambapo hata chai ina vumbi la paini. Nyanda alimfahamu kwa sababu ndiye aliyewatengenezea jeneza la baba yao. Alimkuta ana penseli sikioni na koti zito, baridi ya Mafinga ikimfanya avute kamasi.

"Rudia," alisema Gerson.

"Pembe. Mbili. Kwa ndani ziwe na tundu la kuingia visiki vya urefu huu." Nyanda alionyesha vidole vinne. "Na mahali pa kupitisha mkanda wa ngozi chini ya koo."

"Ngosha, mimi nimetengeneza majeneza, vitanda, mimbari ya kanisa, na mguu wa bandia wa mzee mmoja wa Nyololo. Lakini ng'ombe hajawahi kunijia na oda."

"Hajaja yeye. Nimekuja mimi."

"Na yeye mwenyewe kasemaje? Anataka za mtindo gani? Za ujana au za heshima?"

Wasaidizi wake wawili walicheka mpaka wakazima mashine. Nyanda alisubiri wamalize. Kisha akatoa karatasi aliyokuwa ameichora: umbo la kila pembe, mahali inapopindia, unene wake shinani kwa vidole, mpaka mchubuko mdogo wa pembe ya kulia ambao Mtemi aliupata akisugua kichwa kwenye kichuguu. Gerson aliishika karatasi ile, akaacha kucheka. Fundi akiona kazi iliyopimwa vizuri anaiheshimu, hata kama ni ya kichaa.

"Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu, lakini mzito. Utamvunja shingo," alisema. "Paini ni nyepesi. Ila nikuambie ukweli, paini ikigongwa na pembe ya kweli itakatika kama biskuti. Hizi zitakuwa za kutazamwa tu, si za kupigania."

"Hata zile za kwanza zilikuwa za kutazamwa," alisema Nyanda.

Lakini njiani akirudi, na zile pembe zikiwa ndani ya mfuko wa mbolea, zimepakwa masizi na mafuta mpaka zinang'aa, alijisikia vibaya. Maneno yale aliyomjibu Gerson yalikuwa matamu kuliko yalivyokuwa ya kweli. Pembe za kwanza zilitazamwa, ndiyo. Lakini zilitazamwa kwa sababu zilioteshwa na nyasi za miaka tisa, na afya ya miaka tisa, na kila dume aliyezisoma alisoma jambo lililokuwepo. Hizi zilioteshwa na Gerson. Wamemfikisha mahali ambapo fahali mkweli kuliko wote Usangu inabidi aseme uongo ili apewe maji! Hasira ikampanda upya, na kwa namna fulani ikamsaidia.

Nyamizi ndiye aliyeshika taa ya simu wakati wa kumfunga Mtemi pembe zile, maana giza lilikuwa limeanza kuingia. Mtemi alitikisa kichwa mara tatu, akazinusa hewani, akatulia.

"Anajua?" Nyamizi aliuliza.

"Sijui."

Asubuhi Mtemi alitoka wa kwanza. Alisimama mlangoni mwa zizi, akageuka ubavu. Wale wadogo wanne wakamtazama. Yule mwenye jicho moja akageuza kichwa chote ili aone vizuri. Kisha mmoja baada ya mwingine wakainamisha pua na kuanza kutafuta majani ambayo hayakuwepo.

Nyanda alijikuta anaimba. Ulikuwa wimbo wa baba yake, aliokuwa akiutoa kila Mtemi alipotoka zizini:

Mtemi simama wima, ubavu wako waone,
wenye macho wanapima, wenye woga wajione.

*

Siku ya kumi na nne Liberatus alikuja birikani kuhakikisha amri yake imetekelezwa. Alikuja na mgambo wawili na pikipiki ikinguruma. Bibi Tekla alikuwepo na daftari la kamati, pamoja na wanawake waliokuja na ndoo na wafugaji waliokuja na wasiwasi. Bingwa alikuwa tayari anakunywa, kasimama katikati ya birika kama vile ni yeye aliyelichimba.

Nyanda akatokea na kundi, Mtemi akiwa mbele kwa kamba ndefu.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema Bibi Tekla taratibu. "Zimeota?"

Kabla hajajibiwa, Bingwa aliinua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni. Alitoka birikani. Mtemi akasimama. Nyanda akailegeza kamba mpaka mwisho wake na kurudi nyuma, akiutazama mkanda wa ngozi, kwa sababu yeye peke yake mahali pale alijua kwamba pembe zile ni biskuti.

Fahali wale wawili waligeuka ubavu kwa wakati mmoja. Wakaanza kutembea sambamba, hatua za kukaza, polepole, kila mmoja akimwonyesha mwenzake urefu wa mgongo wake. Walifika kwenye mti wa mgunga, wakageuka, wakarudi. Mtemi alikwaruza udongo. Akashusha kichwa, pembe zile nyeusi zikameta juani, na mngurumo ukatoka ndani yake, ule wa chini, wa miguuni. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji aliiacha ndoo ifurike.

Bingwa alisikiliza. Alitazama pembe. Alitazama nundu. Halafu, bila haraka, kama mtu aliyekumbuka ana shughuli mahali pengine, akageuza kichwa na kuanza kuondoka.

Mzee mmoja alipumua kwa sauti. "Ameelewana naye," alisema.

"Umeona, mtendaji?" Nyanda alisema. "Umeona? Hakuna damu. Hakuna ukuta uliobomoka. Mwache aende zake, mambo yamekwisha."

Lakini Liberatus alikuwa amesogea karibu na alikuwa ameona mkanda wa ngozi.

"Hizi ni bandia!"

"Ni bandia."

"Huu ni udanganyifu! Mkutano wa kijiji umeamua pembe zikatwe!"

"Zimekatwa. Ziko mlangoni kwako, umezigongomelea misumari. Mkutano haukusema dume asivae."

Watu wakacheka, na safari hii hapakuwa na shaka upande wa nani. Uso wa Liberatus ukabadilika. Mtu aliyezoea kuogopwa hawezi kuvumilia kuchekwa mbele ya wanawake na ndoo zao. Akanyoosha mkono.

"Mtendaji, usiguse," alisema Nyanda. "Nakuomba. Bingwa hajafika mbali. Mwache afike kwanza kwa majike, halafu nitazivua mwenyewe."

"Mimi siamrishwi na mchungaji."

Akavuta mkanda. Pembe ya kulia ikachomoka na kuanguka kwenye saruji, ikapasuka katikati, weupe wa paini ukaonekana. Ya kushoto ikaning'inia shavuni mwa Mtemi kama sikio lililokatika.

Ule mlio mkavu wa mti ndio uliomgeuza Bingwa. Aligeuka, akatazama. Alisoma upya.

Alikuja mbio. Mgambo wote wawili wakakimbia kila mmoja na upande wake, na Liberatus, ambaye hakuwa na upande wa kukimbilia, akajitupa ndani ya birika na miwani yake. Bingwa alimpata Mtemi begani; pembe ile fupi ikaingia na kutoka na damu. Mtemi hakuwa na cha kumrudishia. Alichokuwa nacho ni paji la uso na uzito wa miaka tisa, akaviweka vyote pale na kusukuma. Walisukumana mpaka kwenye tope la maji yaliyomwagika, Bingwa akateleza kwa kwato za nyuma, na wafugaji wakaingia kati kwa fimbo na kelele. Bibi Tekla, na miaka yake sitini na kitu, alimmwagia Bingwa ndoo nzima ya maji machoni. Ndivyo walivyoachana.

Nyanda alikuwa amepiga magoti, kiganja chake kimeziba tundu la begani mwa Mtemi. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole. Aliinua macho, na yale aliyoyasema aliyasema kwa watu wote.

"Niliwaambia! Kwenye mkutano nilisimama nikawaambia kwa Kiswahili, mkacheka! Mlitaka amani, mkamkata pembe yule aliyekuwa anailinda, mkamwachia pembe yule anayeivunja, kwa sababu mmoja ni wa mhamiaji na mwingine ni wa mtendaji. Semeni kwamba sivyo! Asimame mtu hapa aseme sivyo!"

Hakuna aliyesimama. Liberatus alisimama, lakini ni kwa sababu alikuwa ndani ya maji.

Bibi Tekla alifunga daftari lake.

"Mimi niliinua mkono siku ile," alisema. "Niliuinua kwa sababu nilikuwa nimechoka kukosa maji, sikuwaza ng'ombe. Mbele yenu wote, mkono ule leo naushusha. Sheria ya pembe imekufa hapa hapa birikani. Madume watakunywa kwa zamu, kila kundi na saa yake, na anayetaka kubisha aje abishane na kamati. Na wewe, Liberatus, mwanangu, toka humo ndani. Hayo maji wanakunywa ng'ombe."

*

Mtemi hakufa. Nyamizi alimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi kila siku, mganga wa mifugo akaja kumchoma sindano bila kudai nauli, na baada ya wiki mbili alianza kutembea akichechemea. Sasa birika lina zamu, na wale madume wadogo wamepigana mpaka wamepata wa kumheshimu, yule mwenye jicho moja, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Lakini hasira ya Nyanda haikupoa, na sababu ni majirani. Walianza kumjia mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, wakiulizia namba ya simu ya fundi wa Mafinga. Mmoja alitaka pembe ndefu kuliko zile. Mwingine aliuliza kama zinaweza kupakwa rangi ya bendera.

"Zenu zitamdanganya nani, na kila mtu anazo?" Nyanda aliwafokea. "Nendeni mkawalishe ng'ombe wenu!"

"Mdogo wangu," Nyamizi alimwambia baada ya mmoja wao kuondoka, "unawafukuza watu wanaokusifu."

"Hawanisifu. Wamecheka wasielewe, sasa wanasifu wasielewe."

Jumamosi moja, jua likiwa limeanza kulainika, mlio wa pikipiki ukasikika tangu mbali. Liberatus aliisimamisha nje ya boma. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga pembe mbili kubwa nyeusi, zenye matundu ya misumari. Kamati ya maji ilikuwa imeamua azirudishe kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwangaluka," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsalimia Nyanda kwa lugha ya kwao, na aliikosea saa, maana hiyo ni salamu ya asubuhi.

Nyanda hakuitikia. Hakunyanyuka pia kwenye kigoda alichokuwa amekalia.

Liberatus alizifungua pembe, akazipakata kifuani, akaingia uwanjani. Mtemi alikuwa amesimama kivulini karibu na zizi, peke yake, mbavu zikionekana, bega limevimba kovu, kichwani visiki viwili vya kijivu. Alimwona mtu yule anakuja na kitu kifuani. Aliacha kucheua.

Polepole, kwa mguu ule unaochechemea, akageuka ubavu.

Akakunja shingo. Nundu, ambayo ilikuwa imepungua, ikapanda hata hivyo. Akanyanyua kwato na kukwaruza udongo mara moja, mbili, vumbi likamwangukia mgongoni, na ule mngurumo ukaanza, chini, miguuni mwa kila aliyekuwepo.

Liberatus alisimama. Alitazama kichwa kisicho na kitu. Akatazama jicho. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nyanda," alisema taratibu. "Mshike ng'ombe wako."

Nyanda alikuwa amekaa na mikono magotini.

Hatua ya pili. Hatua ya tatu. Zile pembe zikamponyoka mikononi, moja ikaangukia nyingine. Liberatus akageuka, akapita pembeni ya pikipiki yake bila kuigusa, akashika njia ya kijijini kwa miguu, haraka haraka, bila kutazama nyuma.

Mtemi alimsindikiza kwa jicho mpaka kwenye kona ya uzio. Kisha akashusha kichwa, akaendelea kucheua.

"Funguo kaziacha," alisema Nyamizi kutoka mlangoni.

"Ziache hapo hapo," alisema Nyanda. "Atatuma mtu."